Wa mwisho akawa wa kwanza, nami nikatoa hotuba

Najua mmeshapata simulizi ya mwenzangu ninayefundisha naye, ile ya aibu iliyonipata kwenye mkutano wa wazazi. Kwenye yake, mimi nililia mbele ya wazazi. Sikulia. Kwenye yake pia nilitoka kwa mlango wa nyuma, na chumba kile hakina mlango wa nyuma, ningekuwa wa kwanza kuutumia. Yaliyobaki, kwa masikitiko makubwa, ni kweli tupu, kwa hiyo bora myasikie kwa mwenye aibu yake.

Mtihani wetu wa majaribio ulikuwa wa maswali 40 kwa dakika 50, yaani dakika moja na robo kwa swali, herufi A hadi D. Karatasi ya majibu tuliichora wenyewe: safu moja tu, 1 hadi 40, viduara vinne kila mstari, na safu yote imekaa katikati ya ukurasa kwa sababu mimi napenda vitu vikae katikati. (Kumbukeni hilo la katikati.) Kusahihisha tunatumia kadi. Unaweka karatasi tupu ya majibu juu ya kadi ngumu, unatoboa kiduara cha jibu sahihi kila mstari, unatoa karatasi, na kadi inabaki na matundu 40. Ukiilaza juu ya kazi ya mwanafunzi, unahesabu matundu yenye weusi. Kwanza lakini unaipitia kazi kwa macho, maana aliyepaka viduara viwili mstari mmoja kadi haimkamati. Inampa alama na kumpongeza.

Ninyi mnaoandika "si mtumie kompyuta" nimewaona. Ndiyo, SAT ya sasa, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ni ya kompyuta, maswali 98 kwa saa 2 na dakika 14. Kompyuta tunazo kidogo, wanafunzi tunao wengi, kadi tunayo moja. Tuendelee.

Nikasahihisha usiku, peke yangu, kwa kasi ya kujisifia. Matokeo yakatoka ya ajabu. Wengi walipata kati ya 5 na 8. Aliyeongoza alikuwa na 14, naye ni kijana tunayemwita Bwana Dirisha, kwa sababu tangu aanze masomo amekuwa akisoma zaidi ya nje kuliko ya ndani. Na binti yetu wa dawati la mbele, Bi Kwanini, ambaye huwa anasahihisha vitabu vya majibu, alipata 1.

Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikaandaa hotuba.

Nilikuwa na maelezo yote. Nikajiambia Bi Kwanini amehama mstari. Ugonjwa huo upo kweli: mtoto anaruka swali la 3 kwenye kitabu cha maswali, anasahau kuruka mstari wa 3 kwenye karatasi ya majibu, na kuanzia hapo kila jibu linakaa kwenye nyumba ya jirani. Dawa yake ni kuzungushia jibu kwenye kitabu cha maswali kwanza, kisha kuhamisha majibu matano matano huku ukitamka namba ya swali moyoni, na swali uliloliruka unalitia alama pembeni ya mstari wake. Yote hayo nimeyafundisha mara nyingi, kwa hiyo niliona fahari kidogo kwamba nimeugundua ugonjwa bila hata kumwuliza mgonjwa.

Sasa, mkutano wa wazazi.

Nilimwita Bwana Dirisha mbele. Makofi. Nikamkabidhi zawadi, daftari lenye jalada gumu. Kisha nikafanya kitu ambacho mwenzangu amekisimulia bila kuongeza hata chumvi, maana hakikuhitaji: nikamwomba awape wenzake siri ya mafanikio. Kijana akakohoa, akatazama dirishani kidogo, akasema, "Swali usiliwaze sana. Herufi itakayokujia ya kwanza, paka." Nikaiandika ubaoni. Nikaipigia na mstari. Nikaongeza elimu juu yake: kwamba siku hizi usiache kiduara kitupu, kwani SAT yenyewe iliacha kukata robo alama kwa jibu baya tangu 2016. Nikageuka, nikaona watoto wanaandika. Baba mmoja naye anaandika.

Kisha nikamwita Bi Kwanini, kwa ile sauti ya upole ambayo walimu tunaitoa tukijiandaa kumuumiza mtu. Nikasema kujiamini kupita kiasi kuna gharama zake.

"Mwalimu, samahani, nimepata ngapi?"

"Moja."

"Kati ya arobaini?"

"Kati ya arobaini."

Hakulia. Hakuinama. Alinyoosha mkono. "Naomba chaki."

Nikampa. Hadi leo sijui kwa nini nilimpa. Akaandika chini ya hekima ya Bwana Dirisha: 40 ÷ 4 = 10. "Mwalimu, mtu akipiga ramli mwanzo mpaka mwisho, anapata kama kumi. Mimi nimepata moja. Ili ukose kiasi hiki lazima ujue majibu."

Nikacheka kile kicheko cha kutafuta muda. Nikasema, mwanangu, umehama mstari.

"Aliyehama mstari anakuwa kama mbahatishaji, mwalimu. Naye angeangukia karibu na kumi. Ulitufundisha wewe." Kisha akachukua 0.75, yaani nafasi ya mbahatishaji kukosa swali moja, akaanza kuizidisha kwa yenyewe mara 39, kwa mkono, mbele ya wazazi, bila haraka yoyote. Alipomaliza alituambia kwamba nafasi ya mbahatishaji kupata 1 au 0 ni kama mara moja katika 7,000. Nimekuja kuikagua nyumbani. Iko sawa.

Chumba kikanyamaza. Mama mmoja wa mstari wa pili akauliza, kwa adabu iliyonimaliza kabisa, "Mwalimu, na hiyo kadi yako, ina mbele na nyuma?"

Kadi ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Safu iko katikati, si nimewaambia? Ukiilaza kifudifudi, kila tundu linaangukia juu ya kiduara bila kasoro, ila A imekuwa D na B imekuwa C. Jibu sahihi haliwezi kuhesabiwa hata moja. Alama unapewa kwa makosa yako tu, theluthi moja hivi, yale yaliyoangukia herufi ya upande wa pili. Kwa hiyo unapojua zaidi, unapata kidogo zaidi. Nilikuwa nimelipanga darasa zima kinyumenyume, kwa ustadi.

Yule mama akaja mbele, akaigeuza kadi, akailaza juu ya karatasi ya Bi Kwanini, akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye kumi wazazi wengine wakaungana naye. Kwenye ishirini watoto wakaanza kupiga meza. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya maneno "Usiliwaze Sana", kwa mwandiko wangu. Thelathini na nane! Vigelegele.

Kisha sauti kutoka nyuma: "Na ya Dirisha?"

Hiyo haikuchukua muda. Sita.

Basi, haraka haraka: nilisahihisha upya kazi zote, nikaomba radhi, nikafuta ubao. Kona ya juu kulia ya kadi nimeikata, na karatasi za majibu nazo zimekatwa hapo hapo, zikipishana unaona. Kabla ya kugusa kazi ya mtoto napitisha karatasi mbili za uongo: moja yenye majibu yote sahihi, lazima itoe 40, nyingine imepakwa A tupu, lazima itoe idadi ya A zilizomo kwenye majibu. Na wastani wa darasa ukishuka hadi robo ya maswali, naishtaki kadi kwanza. Yule baba aliyeandika amenihakikishia kwamba ukurasa ameuchana.

Daftari nililiomba kwa upole. Bwana Dirisha akasema matokeo yalishatangazwa, picha ilishafika kwa ukoo mzima, na bibi yake ndiye analitunza sasa. Halafu akaniuliza, kwa heshima zote, kama mtihani ujao hatuwezi kutumia upande ule ule.