Tauni ya 1347 ilipanda meli pamoja na ngano

Kila inapotajwa tauni iliyoangamiza Ulaya katika karne ya 14, simulizi huanzia Caffa, bandari ya Wagenoa (wafanyabiashara wa mji wa Genoa, Italia) kwenye rasi ya Crimea. Mwaka 1346 jeshi la Khan Janibeg, mtawala wa Wamongolia, lilikuwa limeuzingira mji huo. Tauni ikaingia kambini, na inasimuliwa kwamba askari walipakia maiti kwenye mitambo ya kurushia mawe wakazitupa ndani ya kuta, kisha mabaharia wakakimbia na ugonjwa hadi Italia. Simulizi hii haisahauliki, lakini naamini inatupotosha.

Aliyeiandika, Gabriele de' Mussi, alikuwa mwandishi wa hati za kisheria Piacenza, Italia. Hakuwapo Caffa. Tena tarehe zenyewe hazikubali. Kutoka Crimea hadi Constantinople meli haikuhitaji hata mwezi, ila tauni ilifika Constantinople mwaka 1347, ikatia nanga Messina, kisiwani Sicily, Oktoba mwaka huohuo. Kama waliokimbia mzingiro ndio walioibeba, muda wote huo ilikuwa imejificha wapi?

Jibu liko kwenye biashara. Ugomvi uliozuka Tana, bandari karibu na mdomo wa mto Don, mwaka 1343 uliwafukuzisha wafanyabiashara wa Italia, na kwa miaka kadhaa ngano ya Bahari Nyeusi haikutoka kama zamani. Italia ilikuwa na njaa. Amani iliporejea mwaka 1347, meli zilikwenda kubeba nafaka kwa wingi, na tauni ikasafiri nazo. Alexandria iliguswa msimu uleule wa vuli. Marseille ikafuata kabla mwaka haujaisha, Venice mwanzoni mwa 1348, na kiangazi cha 1348 ugonjwa ulikuwa umefika pwani ya kusini ya Uingereza. Mwaka 1349 ulikuwa Bergen, Norway. Ukiziweka bandari hizi kwenye ramani utaona njia za shehena.

Kwa nini nafaka? Kwa sababu ya panya, na zaidi ya panya, kwa sababu ya kiroboto wake. Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa, bakteria wa Yersinia pestis huzaana na kugandamana kwenye kijilango kinachoingia tumboni mwake, mpaka njia inaziba. Damu haishuki tena. Kiroboto huyo ananyonya huku anakufa njaa, kwa hiyo anauma mara nyingi kuliko kawaida, na kila anapouma damu inagonga kizibo na kurudi kwenye jeraha ikiwa na bakteria. Watoto wa kiroboto (mabuu) nao hukua vizuri kwenye vumbi na makapi ya nafaka, na kiroboto mzima anaweza kukaa muda mrefu bila mnyama wa kumnyonya. Kwake yeye, tumbo la meli lililojaa ngano ni nyumba na chakula.

Sasa piga hesabu. Panya wa eneo moja wakishaambukizwa huchukua siku 10 hadi 14 kupukutika. Viroboto waliobaki bila mwenyeji hukaa kama siku tatu, kisha njaa huwasukuma kumrukia binadamu. Binadamu hukaa siku tatu hadi tano kabla ya homa, na wengi waliokufa kwa mitoki (uvimbe wa kinena au kwapa) walikufa siku tatu hadi tano baadaye. Jumla ni takriban siku 23 tangu tauni iingie hadi mazishi ya kwanza. Meli ingeweza kufika na mabaharia wenye afya, ikashusha magunia, ikaondoka, na mji usijue kitu kwa wiki tatu. Ndiyo maana watu wa wakati ule waliona kama pigo limeshuka kutoka hewani.

Wapo watafiti wanaosema panya peke yake hatoshi, kwa sababu ugonjwa ulikwenda kasi mno, na Iceland ilipigwa mwaka 1402 bila dalili za kuwa na panya. Hoja hiyo ni nzito. Chawa na viroboto wa binadamu huenda walifanya kazi kubwa ndani ya nyumba, na tauni ya mapafu, inayoenezwa kwa kikohozi, haihitaji mdudu kabisa. Guy de Chauliac, daktari wa Papa Klementi VI mjini Avignon, aliziona aina zote mbili mwaka 1348. Kwa miezi miwili ya mwanzo wagonjwa walitema damu na kufa ndani ya siku tatu. Baadaye ikaja mitoki ya kinena na kwapa, na kifo ndani ya siku tano. Maoni yangu ni kwamba nafaka na panya viliuvusha ugonjwa bahari, na miili ya watu ikaueneza mitaani. (Na ile barakoa ya mdomo wa ndege inayobandikwa kwenye kila picha ya tauni hii ni ya karne ya 17. Daktari wa 1348 hakuijua.)

Kinachouma ni jinsi watu walivyotafuta wa kulaumiwa. Februari 14, 1349, mjini Strasbourg, mamia ya Wayahudi walichomwa moto kwa tuhuma ya kutia sumu visimani. Tauni ilikuwa bado haijafika mjini humo. Papa Klementi VI alikuwa ameshaandika mwaka 1348 kwamba Wayahudi wenyewe wanakufa kwa ugonjwa uleule, na kwamba unaua hata mahali ambapo hawaishi. Ushahidi ulikuwapo na ulisomwa, wakauawa.

Damascus ilifanya vingine. Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuwa huko mwaka 1348. Anaeleza kwamba watu walifunga siku tatu, wakakesha katika msikiti mkuu, kisha wakatoka pamoja kwa miguu: Waislamu na misahafu yao, Wayahudi na Taurati, Wakristo na Injili, wanawake na watoto. Kiafya, mkusanyiko kama ule ungeweza kuongeza maambukizo ya mapafu. Hata hivyo hakuna jirani aliyechomwa moto.

Hatua ya kwanza ya maana ilitoka Ragusa, Dubrovnik ya leo. Mwaka 1377 baraza la mji liliamuru kwamba anayetoka penye tauni asiingie mpaka akae siku 30 katika kisiwa cha Mrkan au mji wa Cavtat. Baadaye zikawa siku 40 (arobaini kwa Kiitaliano ni quaranta), na hapo ndipo lilipozaliwa neno karantini. Linganisha siku 30 na zile 23. Waliikaribia hesabu bila kumjua kiroboto. Lakini kulikuwa na tundu. Katika lazareti (vituo vya kutengea wasafiri na bidhaa) za Mediterania za karne zilizofuata, sufu, nguo na ngozi zilianikwa na kugeuzwa kwa wiki kadhaa, huku nafaka kwa kawaida ikihesabiwa kuwa bidhaa isiyoshika ugonjwa.

Tundu hilo halijazibwa kila mahali. Wilaya ya Lushoto, Tanzania, ilipata wagonjwa zaidi ya 7,000 kati ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ituri huko Kongo na West Nile huko Uganda bado zinaijua tauni, na Madagascar mwaka 2017 ilipoteza zaidi ya watu 200 ndani ya miezi michache. Mahindi yakihifadhiwa ndani ya nyumba wanamolala watu, panya huyafuata, na kiroboto huja naye.

Kosa linalorudiwa ni kuanza na panya. Ukimwua panya kabla ya viroboto wake, unawaacha na njaa, na aliye karibu ni mtoto aliyelala sakafuni. Nyunyizeni kwanza dawa ya unga ya kuua viroboto kwenye mashimo, njia za panya na chini ya vitanda, mpaka viroboto wafe. Mitego na sumu vifuate. Panya aliyekutwa amekufa asishikwe kwa mkono mtupu, na mwenyekiti wa kijiji aambiwe siku hiyohiyo, kwa kuwa panya hupukutika kabla ya watu. Mwenye homa kali na mtoki wenye maumivu apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho: streptomaisini, jentamaisini au doksisaiklini humponya akiwahi, na kwa tauni ya mapafu kuwahi maana yake ni ndani ya saa 24.