Kabla ya fomula ya torki, semeni egemeo liko wapi

Mpwa wangu yuko kidato cha tano, anasoma PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati. Wiki iliyopita alikuja na daftari la fizikia, swali la ngazi amelikosa lote toka mstari wa kwanza. "Mjomba, fomula naijua," akasema, "ila sijui nianzie wapi." Nikafungua notisi zake. Torki, yaani uwezo wa kani kuzungusha kitu, ni kani mara umbali mara sini ya pembe. Imezungushiwa wino mwekundu na pembeni pameandikwa kwa herufi kubwa: KARIRI. Umbali kutoka wapi? Notisi hazisemi. Nimepekua mada nzima, egemeo, ile nukta ambayo kitu huizunguka, halikutajwa hata mara moja.

Hilo limeniuma kweli. Mtoto huyu shule ya msingi alifundishwa nyenzo: egemeo, mzigo, jitihada. Alikuwa na msingi mzuri kabisa, na leo hakuna aliyemwambia kwamba torki ni jambo lilelile limekua.

Kani haina momenti, jina jingine la torki, hivihivi tu. Ina momenti kuzunguka nukta fulani, na nukta hiyo unaichagua wewe mwenye kukokotoa. Utamu wote wa mada uko hapo, na hapo ndipo tunaporuka ili tuwahi kwenye fomula.

Chukua swali lenyewe. Ngazi ya mita 5 yenye uzito wa nyutoni 200, uliogawanyika sawasawa, imeegemezwa kwenye ukuta usio na msuguano. Chini iko mita 3 kutoka ukutani, kwa hiyo juu inagusa mita 4. Ukuta unaisukuma ngazi kwa kani kiasi gani? Aliyekariri anaona kani nne, tatu hazijui, na anaanza kusaka pembe. Aliyefundishwa kuuliza egemeo analiweka chini, pale ngazi inapogusa sakafu. Papo hapo msuguano wa sakafu na kani ya sakafu inayosukuma juu vinatoka kwenye hesabu, maana vyote viwili vinapita kwenye egemeo na umbali wake ni sifuri. Unabaki uzito, ambao mstari wake uko mita 1.5 kutoka egemeo: 200 mara 1.5 ni 300. Ukuta unapinga kwa mkono, yaani umbali wa mstari wa kani kutoka egemeo, wa mita 4. Gawanya 300 kwa 4, unapata nyutoni 75. Hukugusa sini wala pembe yoyote.

Mpwa wangu alikataa kuamini, na nilifurahi alipokataa. Nikamwambia ahamishie egemeo juu, kwenye ukuta. Sakafu inayosukuma juu kwa 200 ina mkono wa mita 3, momenti 600 upande mmoja. Uzito una 300 upande wa pili. Msuguano lazima ujaze 300 zilizobaki kwa mkono wa mita 4. Nyutoni 75 tena, na msuguano lazima ulingane na kani ya ukuta, la sivyo ngazi inateleza. Akaishika kalamu akarudia mwenyewe, safari hii bila kuniuliza.

Gereji wanalijua hili kwa mikono. Nati ya gurudumu inayotaka nyutoni-mita 100, kwa spana ya sentimita 25 inataka usukume nyutoni 400, karibu uzito wa kilo 40. Chomeka bomba kwenye mpini ufike sentimita 50, nyutoni 200 zinatosha. Ukisukuma kuelekea kwenye nati yenyewe, hata uwe na nguvu za trekta, haizunguki. Kijana wa gereji akiyaona haya kwenye ubao angeyatambua mara moja, kama ubao ungeanza na nati badala ya herufi za Kigiriki.

Nakubali, walimu wana madarasa yaliyojaa na silabasi ndefu, na mtihani wa taifa hausubiri. Fomula lazima ijulikane. Lakini kuandika "kuzunguka nukta A" juu ya kila hesabu kunachukua sekunde chache, na ningetaka mwanafunzi akiuacha mstari huo apunguziwe alama.

Suala la nyutoni-mita ya torki kutoitwa jouli, kipimo cha kazi, nalo lielezwe, siyo liamriwe: kani inaweza kuwa na momenti bila kufanya kazi yoyote.

Na mkifika kwenye inesha ya mzunguko, yaani ukaidi wa kitu dhidi ya kuzungushwa, msianze na jedwali la fomula zake. Chukueni betri kubwa la tochi na kipande cha bomba la plastiki, viachieni pamoja kwenye ubao ulioinamishwa. Betri linashinda. Badilisheni bomba, leteni zito zaidi au pana zaidi, betri bado linashinda, kwa sababu karibu masi yote ya bomba imekaa mbali na kitovu na inabidi izungushwe. Bomba lenye ukuta mwembamba huchukua muda zaidi kwa takriban asilimia 15 kuliko silinda iliyojaa. Waacheni wanafunzi wabishane kwanza kwa nini uzito haukuleta tofauti. Jedwali lije baada ya ubishi huo.