Mita mbili za Galápagos na pomboo wa Kizimkazi

Mwaka wa kumi na moja huu niko Toronto, na likizo zangu zote huishia Unguja. Safari hii nilikwenda Ekuador. Nilidhani nitailinganisha na Kanada; kumbe kila nilipogeuka nilikuwa naiona kwetu.

Quito, mji mkuu, sikuiweza. Mita 2,850 juu ya bahari, ngazi za hoteli tu zilinimaliza pumzi. Guayaquil ndiko nilikotulia: joto, ndizi mbichi za kukaanga, na asubuhi watu wanakunywa supu ya jodari kwa muhogo, wenyewe wanaiita encebollado. Watu weusi wa mkoa wa Esmeraldas wanapika samaki kwa nazi. Nilipoonja nikacheka peke yangu. Samaki wa kupaka huyu, kakosa ukwaju tu!

Kisha visiwa vya Galápagos, kiasi cha kilomita 1,000 baharini. Tangu Agosti 2024 mgeni analipa dola 200 kuingia hifadhini, raia wa Ekuador 30. Nikanung'unika, kama kawaida yetu. Kobe nimewaona, lakini kobe sisi tunao kisiwani Changuu tangu 1919, hawakunishangaza. Kilichonishangaza ni soko la samaki la Puerto Ayora: simba bahari kasimama nyuma ya muuzaji anangoja matumbo, kama paka wa soko la Darajani kwetu.

Siku ya pili ufukweni nikamsogelea mmoja na simu yangu. Mwongozaji akanishika bega: mita mbili. Simba bahari mwenyewe akaja mpaka miguuni pangu, na bado ni mimi niliyeambiwa nirudi nyuma.

Hapo nikaikumbuka Kizimkazi, kule kusini mwa Unguja, mwaka juzi. Boti tisa zimewazunguka pomboo, mashine zinanguruma, watu wanajitupa majini kila pomboo anapoibuka. Tusiwatupie manahodha lawama zote. Mimi, mzaliwa wa Makunduchi, ndiye niliyesema, "Mjomba, wakate kwa mbele, nitakuongeza elfu ishirini." Akawakata. Wanangu wakapata video yao.

Sisi tunaoishi nje tunapenda kusema nyumbani hakuna utaratibu. Si kweli. Nenda kisiwa cha Chumbe, hifadhi yetu wenyewe: huvui, hukanyagi matumbawe, na kaa wa nazi wanatembea usiku bila wasiwasi. Ila Galápagos sehemu nyingi za hifadhi huingii bila mwongozaji mwenye leseni, na yule wangu alionekana kuiogopea leseni yake kuliko alivyoipenda bakshishi yangu. Kizimkazi siku ile bakshishi ilishinda, na aliyeitoa hakuwa Mzungu.

Usiku nilimpigia binti yangu kwa video nikamwonyesha picha za simba bahari. Akaziangalia kwa muda.

"Baba, na hao mliwafukuza?"