"Tunapokea bima hiyo" siyo jibu

Jumanne iliyopita, mchana wa mapumziko, nilikuwa nimekaa garini kwenye maegesho ya kazini, daftari nimelilaza juu ya usukani, simu nimeiweka spika. Dada wa mapokezi upande wa pili akaniambia: "Usinitajie kampuni. Nisomee jina la kifurushi cha bima, lile lililoandikwa chini ya jina lako." Nikamsomea. Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, kisha kimya, kisha: "Daktari yumo. Na hospitali anayozalishia nayo imo." Machozi yalinitoka. Ilikuwa kliniki ya kumi na mbili niliyoipigia simu huku Marekani kutafuta daktari wa kunizalisha ambaye bima yangu itamlipa, na mimba ilikuwa imeingia wiki ya kumi na moja.

Kliniki nne kabla yake zilikuwa zimeniambia "ndiyo, tunapokea bima hiyo". Mtu aliyetoka kwetu akisikia neno "tunapokea" anafunga safari. Huku Marekani neno hilo lina maana nyembamba sana: watatuma madai kwa kampuni yako, na itakachokataa kulipa utaletewa barua nyumbani. Neno unalolihitaji ni jingine, kwamba daktari "yumo ndani ya mtandao" wa kifurushi chako, yaani ana mkataba na kampuni kuhusu bei za kifurushi hicho hasa. Kampuni moja ina vifurushi vingi, na daktari anaweza kuwamo kwenye kimoja na asiwemo kwenye kingine. Mwenzangu kazini ana kadi ya kampuni ileile na rangi ileile, ila mumewe ndiye aliyekatiwa kazini kwake. Daktari wake, ambaye amemsifia mpaka nikamtamani, kwangu mimi hayumo.

Orodha ya madaktari iko kwenye tovuti ya kampuni, na tangu 2022 sheria inaitaka kampuni ihakiki orodha hiyo angalau kila siku 90. Mimi niliipigia simu jina kwa jina. Mmoja alishastaafu. Namba ya mwingine ilipokelewa na kliniki ya meno. Wa tatu bado anatibu wanawake, lakini ameacha kuzalisha, na hilo halikuandikwa popote. Wa nne alikuwa na nafasi baada ya wiki saba. Yote nimeyaandika, tarehe na saa, kwa sababu hapa kitu ambacho hukukiandika hakikutokea.

Sasa nyumbani. Mtoto wangu wa kwanza nilimpata Tanzania. Siku niliyojijua nina mimba sikutafuta orodha, niliuliza watu. Mama mkubwa alisema nenda kwa fulani, ana mkono mwepesi. Shoga yangu akasema huyo mzuri lakini usiku simu hapokei, nenda kwa fulani mwingine. Jirani akaongeza lake. Ndani ya siku mbili nilikuwa na jina, na lilikuwa jina la mtu aliyeshika watoto wa watu ninaowajua. Usiku wa kujifungua, saa nane, mkunga aliyenipokea aliniuliza, "Wewe umetokea kwa nani?" Nikamtajia. Akasema, "Shangazi yako nilisoma naye." Akanishika mgongo. Huku swali la kwanza katika kila simu ni tarehe ya kuzaliwa.

Tofauti ninayoisema ni hiyo tu. Kwetu njia ya kumfikia daktari inapita midomoni mwa watu, huku inapita kwenye mkataba ambao wewe mgonjwa hujauona na hutauona. Sifa za daktari unazisikia baadaye, kama zipo, katika majina yaliyobaki baada ya kampuni kuchuja.

Najua mtakuja na maneno. "Dada amesahau alivyolala wawili kitanda kimoja." Sijasahau. Ndoo, beseni, khanga, pamba, mipira ya mikono, vyote nilivibeba kwenye mfuko mmoja, na kuna nesi aliyenisemesha usiku ule maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka moyo unauma. "Basi angeshukuru yuko Marekani." Nashukuru, na nataja kwa nini. Tangu 2014, kwa sheria, kampuni ya bima haiwezi kumkataa mwanamke kwa sababu ana mimba. Kabla ya hapo iliweza. Sheria hiyohiyo inaniruhusu niende kwa daktari wa kina mama moja kwa moja, bila kuomba rufaa kwa daktari mwingine. Nilipomsindikiza rafiki yangu kliniki mwaka jana, nilimwona daktari akivuta kiti, akakaa, akamuuliza, "Nini kinakutia hofu?" Nilitaka dada zangu wote wawe mle chumbani wasikie swali hilo.

Kwa hiyo anayesema najidai anisome tena. Na anayesema "kama huko kunakushinda rudi", huyo namjibu kwa uchungu kidogo, kwa sababu nyumbani ninakujivunia kwelikweli. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 Tanzania. Ule wa 2022 ulionyesha 104. Hiyo ni kazi ya wakunga walewale tunaowasema kila siku. Halafu angalia huku: mwaka 2023, wanawake weusi walikufa kwa uzazi 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, wanawake wazungu 14.5. Ni chini ya kwetu, nakubali, lakini hii ni nchi yenye kila mashine. Mimi nikiingia hospitali hapa sihesabiwi kama Mtanzania mgeni, nahesabiwa katika hiyo 50.3. Ndiyo maana msiniambie nachagua sana. Nilitaka daktari atakayenisikiliza nikisema kichwa kinaniuma, si yeyote aliyesalia kwenye orodha.

Kuna na hili ambalo hakuna aliyenidokeza. Najifungua katikati ya Januari. Kifurushi changu kina kiasi ninachotakiwa kukimaliza mfukoni mwangu kabla bima haijaanza kuchangia sehemu yake, na kila Januari mosi kiasi hicho kinaanza upya. Mimba yangu inavuka mwaka, kwa hiyo nitaanza kulipa tena wiki mbili kabla ya uchungu. Anayepanga, ajue.

Mnaonisoma mkiwa nyumbani msidhani haya yako mbali nanyi. Mnakumbuka Machi 2024, hospitali binafsi zilipoacha kupokea kadi za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kwa sababu ya mvutano wa kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na bei ambazo mfuko unalipa. Watu walifika getini na kadi halali mkononi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote, maana najua mfuko ule wa pamba na mipira ulinigharimu nini. Ila nawasihi wanaoitekeleza: mvutano wa bei kati ya mfuko na hospitali umalizwe na mfuko na hospitali. Mama mwenye uchungu asiwe ndiye wa kuambiwa habari hiyo. Huku wamelichelewesha hilo mpaka Januari 2022, ilipoanza sheria ya kumkinga mgonjwa asiletewe bili ya ghafla na daktari wa usingizi aliye nje ya mtandao wakati hospitali yenyewe imo. Hebu fikiria, kabla ya hapo mama alichomwa sindano ya mgongo na mtu asiyemchagua, kisha akatumiwa deni.

Kwa dada zangu mlioko huku na mnaanza kutafuta: taja jina la kifurushi, siyo kampuni. Uliza daktari yumo, kisha uliza anazalishia hospitali gani, kisha uliza hiyo hospitali imo, kisha maabara wanayopeleka damu. Halafu ipigie kampuni yenyewe uwaulize maswali hayohayo, na usikate simu kabla hujapewa jina la aliyekujibu na namba ya kumbukumbu ya simu hiyo. Orodha yao ikikudanganya na una ushahidi, sheria inawataka wakutoze kama vile daktari yumo.

Naenda Jumatano asubuhi. Kwenye mkoba nimeshaweka kadi ya bima, daftari lenye simu kumi na mbili, na kadi yangu ya kliniki ya nyumbani, ya mtoto wa kwanza. Imechakaa kwenye mikunjo na wino umeanza kufifia, lakini kundi la damu linasomeka, na uzito wa mtoto, na saa aliyozaliwa, kwa mwandiko wa yule mkunga aliyesoma na shangazi.