Ukungu wa Picha za Pande Tatu Uachiwe Jicho

Watengenezaji wa projekta za pande tatu wamehangaika kwa miaka mingi na mwangaza, rangi na wingi wa nukta zinazounda picha, na juhudi zao zinaonekana. Lakini kina cha picha hizo bado hakiaminiki, na kwa maoni yangu ni kwa sababu lenzi ya jicho imesahauliwa.

Mwaka 1838 mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alionyesha kwamba picha mbili zinazotofautiana kidogo, kila jicho likipewa yake, huungana na kuwa kitu chenye kina, na hadi leo sinema za miwani hutegemea mbinu hiyo. Mtazamaji aliyeketi mita 15 kutoka kwenye skrini akioneshwa ndege anayeruka mita 1 mbele ya uso wake, macho yake hugeuka kwa ndani kumfuata ndege huyo, ilhali lenzi zake hazina budi kubaki zimelenga skrini, kwa kuwa ndiko mwanga unakotoka. Kwa kawaida mambo hayo mawili huenda sambamba. Yakitenganishwa kwa muda mrefu, macho huchoka na kichwa huanza kuuma.

Kinachoniudhi zaidi ni kosa la hiari. Waongozaji hutia ukungu mandhari ya nyuma ili tumtazame mhusika, jambo lisilo na ubaya wowote katika picha bapa. Katika pande tatu, mtazamaji huvutwa na kina, akageukia mti ulio nyuma, akakuta ukungu ambao jicho lake haliwezi kuuondoa hata likijitahidi vipi. Afadhali tundu la lenzi ya kamera lifanywe dogo, kila kitu kionekane wazi, na vitu visirushwe usoni mwetu kila dakika (watoto watanisamehe).

Katika vifaa vya kuvaa kichwani, kamera ndogo zinaweza kufuatilia mboni na lenzi za kifaa zikasogezwa kulingana na mahali mtu anapotazama. Ukungu wa kuchorwa na kompyuta pekee hautoshi, kwa kuwa lenzi ya jicho hubaki imelenga palepale. Ukumbini tiba hiyo haifai, maana kila mtu hutazama kwake. Hapo inabaki kuurudisha mwanga wenyewe pamoja na mielekeo yake, kama mwanafizikia Mfaransa Gabriel Lippmann alivyopendekeza mwaka 1908 kwa kutumia safu ya lenzi ndogondogo, au kama hologramu (picha zinazohifadhi mawimbi ya mwanga wenyewe), zilizobuniwa na mwanafizikia Dennis Gabor mwaka 1947. Gharama ya njia ya Lippmann inajulikana: nukta zinazogawiwa mielekeo mingi huipunguzia picha ukali. Basi nukta za ziada tunazoahidiwa kila toleo jipya zipelekwe huko, badala ya kunoa zaidi picha bapa ambayo tayari inatosha.