Hema la Novemba halitoshi kuzuia kisukari chuoni

Ifikapo tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, si ajabu kukuta hema limepigwa uwanjani mwa chuo hapa Nairobi. Wanafunzi hupanga foleni, hutobolewa kidole, huambiwa "uko sawa", hupewa kipeperushi na kurudi darasani. Kwa maoni yangu, hema hilo lina faida ndogo, na mara nyingine huwapotosha watu.

Anayepimwa saa tano asubuhi ametoka kunywa chai na mandazi. Kipimo cha namna hiyo humnasa ambaye tayari anaugua, mwenye sukari ya milimoli 11.1 kwa lita ya damu (mmol/L) na zaidi, lakini aliye njiani kuelekea huko hupita bila kuonekana. Akiwa hajanawa, sukari iliyobaki kidoleni huipandisha namba bure. Kipimo cha maana ni cha asubuhi kabla ya kula, baada ya angalau saa nane za maji matupu. Chini ya 5.6 ni kawaida. Kati ya 5.6 na 6.9 ni hatua ya awali, yaani sukari imepanda ila bado si kisukari (Shirika la Afya Duniani huianzia 6.1). Kuanzia 7.0, kipimo cha pili kikikubaliana na cha kwanza, huo ni kisukari.

Wala si lazima apimwe kila mtu. Waitwe kwanza wenye mzazi au ndugu wa tumbo moja anayeugua kisukari cha aina ya pili, wenye ngozi iliyokoza weusi na kuwa nene shingoni au kwapani, wasichana wenye vivimbe vya ovari, na walionenepa kiunoni. Kiuno hakihitaji mashine. Chukua kamba, ikate ilingane na urefu wako, ikunje mara mbili, kisha jizungushe kati ya mbavu za chini na mfupa wa nyonga. Ncha zisipokutana, jiandikishe.

Wakishapatikana, wafundishwe kwa muda mrefu. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2002, uliwafuata watu zaidi ya 3,000 wenye hatua ya awali. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari kwa asilimia 58. Waliomeza metformin, dawa ya kushusha sukari, kwa asilimia 31. Siri haikuwa hotuba moja. Kulikuwa na vipindi 16 vya mwanzo na mtu wa kuwafuatilia. Kipindi kimoja kwa wiki karibu kijaze muhula, na kwa mwenye kilo 85 lengo ni kama kilo 6 tu.

Vipindi hivyo vizungumzie kibanda. Kumwambia mwanafunzi wa bedsita ale samaki wa bahari na matunda ya bei ni kumfukuza. Aambiwe hivi: chapati moja badala ya mbili, ndengu zaidi, sukuma wiki ijaze nusu ya sahani. Githeri ni rafiki. Chipsi na smoki viwe vya siku moja moja. Ila adui mkubwa yumo kwenye chupa. Soda ya nusu lita huwa na gramu 50 hivi za sukari, yaani vijiko 12 vya chai, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka isifike gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana iwe chini ya 25. Vikombe vitatu vya chai, kila kimoja vijiko vitatu, vinafika gramu 36 kabla hujagusa soda. Apunguze nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea.

Dakika 150 hazihitaji kulipia jimu. Anayekaa Ngara na kusoma katikati ya jiji atembee kwenda na kurudi, mchana. Giza likiingia apande matatu, usalama kwanza. Matembezi ya dakika kumi baada ya chakula husaidia misuli kuvuta sukari kutoka kwenye damu.

Mwalimu asisahau kuwatenganisha wenye kisukari cha aina ya kwanza, ambao mwili wao hautengenezi insulini, homoni inayoshusha sukari, hivyo hujidunga. Hao hawakujiletea ugonjwa kwa soda, na mzaha wa darasani huwafanya wafiche sindano. Mwanafunzi yeyote, hata mwembamba, anayekonda ghafla, mwenye kiu isiyoisha na anayeamka usiku kukojoa, asingoje kipindi kijacho: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na akianza kutapika au kuhema kwa nguvu, apelekwe kama dharura.