Hakuja Mikono Mitupu

Jumamosi tumemzika Doc, na tangu siku hiyo nina donge kooni. La msiba najua litashuka lenyewe. Hili lingine kaliweka bwana mmoja aliyesimama kanisani, suti kali, akatutangazia kwamba marehemu "alikuja Marekani mikono mitupu, nchi hii ikamfanya daktari". Watu wakapiga makofi. Msibani! Mimi nikainama nikatazama viatu vyangu.

Mikono mitupu? Mtu kashuka San Francisco mwaka 1981 na shahada ya udaktari wa mifugo ya Chuo Kikuu cha Ufilipino, miaka sita darasani, na mingine minne ya kuzunguka vijijini akitibu kalabaw, wale nyati wa kulimia mashamba ya mpunga. Mama yake aliuza nyati wawili ili mtoto akasomee kutibu nyati. Mikono mitupu ipo wapi hapo?

Nchi ilimkaribisha yeye, shahada yake ikaachwa nje na viatu. Aliyesomea nje ana milima yake ya kupanda: athibitishe Kiingereza, afanye mtihani wa nadharia, kisha ule wa vitendo wa siku kadhaa, unapasua mnyama huku watu wamekusimamia na kalamu, na bado kuna mtihani wa leseni wanaofanya wenyeji. Kila mlima na ada yake, na jumla yake ni maelfu ya dola. Wakati huo una mke, watoto wawili, na wadogo zako wanne kule nyumbani wanangoja karo. Doc ilimchukua miaka tisa. Tisa! Mchana alisugua vizimba vya mbwa kwenye kliniki ya watu, usiku alilinda ghala, daftari likiwa mapajani. Aliwahi kunisimulia, tena anacheka, kwamba daktari kijana wa pale alikuwa akimvuta pembeni: "Huyu unamwonaje?" Doc anashika tumbo la mbwa, anasema kitu kimoja. Kijana anarudi kwa mwenye mbwa na jibu, Doc anarudi kwenye brashi.

Haya, najua mtakachosema. Lazima mtu apimwe. Hata mimi sitaki paka wangu apasuliwe na mwenye cheti cha kununua. Nimekubali. Lakini umsoteshe mtu miaka tisa, halafu siku ya kumzika ujisifu kwamba wewe ndiye uliyemfanya?

Na msidhani hayo ni ya Wafilipino peke yao. Kuna ndugu yetu kamaliza SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, fani hiyohiyo ya mifugo, leo anaendesha lori Ohio na vyeti vyake vimo kwenye begi chini ya kitanda. Naye akifa watasema alikuja na begi moja tu. Hakuna atakayeuliza lilikuwa na nini ndani.

Mimi Doc nilimjua mwaka 2008, nilipopata kazi ya kufagia kliniki yake jioni, Daly City, mji wa ukungu na Wafilipino. Siku ya kwanza akaniuliza natoka wapi. Tanzania. Akakunja uso. Nikasema, jirani na Kenya. Akaruka: "Muguga!" Nikabaki nimeduwaa. Mzee huyu Dodoma haijui, Nairobi anaikisia, ila Muguga, kituo cha utafiti wa mifugo kule Kenya, anaijua, kwa sababu ndiko mtafiti Plowright na wenzake walikotengeneza ile chanjo yao ya ugonjwa wa ng'ombe, na chuoni waliisoma. "Nyie mnauitaje?" Sotoka, nikamwambia. Akavuta kiti. Nikampa ya bibi yangu wa Longido, jinsi ng'ombe walivyokwisha miaka ya 1890, na watu wakafuata kwa njaa. Yeye akanipa ya kwao, sotoka ilivyowafyeka nyati miaka ya 1880 mashamba yakabaki bila wa kuyalima. Tukakaa pale hadi saa nne usiku, ufagio umeegemea ukuta, watu wawili wa bahari mbili tunalilia ng'ombe wa kabla hatujazaliwa. Mwaka 2011, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilipotangaza kwamba sotoka imetokomea duniani, ugonjwa wa pili kumalizwa na binadamu baada ya ndui, alikuja kliniki na sinia la pancit, tambi zao za sherehe. Mbwa kwenye vizimba walitutolea macho.

Huyo ndiye aliyefanywa daktari na Marekani.

Walisema pia alikuwa mtu wa familia. Hilo sibishi, ingawa mkewe aliguna. Mahafali ya binti yake aliyakosa kwa ajili ya mbwa aliyeshindwa kuzaa, akatokea saa tatu usiku ameshika keki, ananuka dawa. Ila gereji yake haikukosa boksi la kwenda nyumbani, liko wazi mwaka mzima likisubiri kujaa ndipo lipande meli: nyama za kopo, sabuni, chokoleti, viatu vya wapwa. Vipimo vya viatu vilikuja kwa barua, wayo wa mtoto umechorwa kwa penseli kwenye karatasi. Doc aliikata kwa mkasi, akatembea nayo dukani akiiingiza ndani ya kiatu kimoja baada ya kingine.

Wafilipino nao wana arobaini kama sisi. Nimemwambia binti yake safari hii naomba dakika tano za kusema, na ile shahada ya 1977 iletwe iwekwe mezani. Mapokezi ilitundikwa leseni ya California. Shahada yenyewe ilikaa stoo, maana wateja walikuwa wakiiona wanauliza maswali. Amesema bado iko hukohuko, nyuma ya magunia ya chakula cha mbwa, nije na mtu wa kunisaidia kuyasogeza.